Namna ya Kusoma Lebo ya Mwenye Kitabu katika Vitabu vya Tiba

Unapopanga vitabu vya kale vya tiba katika maktaba ya hospitali au chuo hapa Moshi, tazama kwanza upande wa ndani wa jalada la mbele, kwa kuwa hapo ndipo madaktari wengi wa Ulaya na Marekani walipobandika lebo yenye picha na jina la mwenye kitabu.

Anza na nyoka, na uwahesabu. Nyoka mmoja aliyejizungusha kwenye fimbo isiyo na mabawa ni alama ya Asklepio, mungu wa uponyaji wa Wagiriki. Nyoka wawili kwenye fimbo yenye mabawa ni alama ya Hermes, mungu wa Wagiriki aliye mlinzi wa wafanyabiashara, iliyoenea katika tiba hasa baada ya kikosi cha tiba cha jeshi la Marekani kuichukua mwaka 1902 (wenye kejeli husema inawafaa madaktari wapenda fedha). Jogoo naye ni wa Asklepio, aliyetolewa sadaka ya ndege huyo. Fuvu hukumbusha kifo, ingawa kwa mpasuaji laweza kuwa kifaa cha kujifunzia anatomia tu.

Andika unachokiona kabla ya kukifasiri, na lebo usiibandue: karatasi itachanika pamoja na gundi, na ushahidi wa kitabu kilikotoka utapotea.