Somo: kupiga hesabu ya rangi nzito chini ya brashi inayotembea, kwa OpenFOAM (programu ya kompyuta ya kuiga mtiririko wa vimiminika)

Wakuu habari, wiki iliyopita nilikuwa Tabata nasimamia fundi anapaka chumba, nikajikuta naangalia ndoo badala ya ukuta. Rangi imetulia kama mtindi, brashi ikitoka inaning'inia haidondoki, ila akiivuta ukutani inalainika inatambaa vizuri, akiachia inasimama palepale. Sasa wengi mnazoea maji na mafuta, afu mkifika kwenye rangi, tomato sosi au tope la kuchimbia visima mnaendelea na mnato uleule mmoja, hapo ndo mnapopotea.

Hatua ya 1, fomula. Maji: mkazo (nguvu ya kuburuta kwa kila eneo) ni mnato mara shia reti, yaani kasi ya tabaka kuteleza juu ya mwenzake. Rangi: mkazo = K × (shia reti)^n, K inasema rangi ni nzito kiasi gani, n inasema uzito huo unabadilikaje ukiisukuma. n ikiwa chini ya 1 kitu kinalainika ukikisukuma, ikizidi 1 kinagoma, kama kornflawa iliyolowekwa ukiipiga ngumi. K na n pima mwenyewe kwa kasi tofauti, chora kwa logi pande zote mbili, mwinuko wa mstari ndo n. Usikopi za mtu.

Hatua ya 2, kalamu kwanza. Tuseme brashi ni bapa, inatembea 0.5 m/s, rangi katikati ina unene wa mm 1, K = 10, n = 0.5, densiti kilo 1300 kwa mita ya ujazo. Shia reti ni kasi kugawa kwa unene, 0.5/0.001 = 500. Mkazo ni 10 × √500, kama paskali 223.6. Ungetumia mnato wa 10 usiobadilika ungepata 5000! Mnato halisi chini ya brashi ni 0.447 tu. Reynolds (namba inayolinganisha msukumo wa mwendo na mnato) ya hizi rangi, ρU^(2−n)h^n/K, ambapo ρ ni densiti, U kasi, h unene, inatoka 1.45 hivi, kwa hiyo habari za tabyulensi, yaani mtiririko wa kuvurugika, sahau.

Hatua ya 3, kesi yenyewe. Solva, yaani programu ndogo inayopiga hesabu yenyewe, ni nonNewtonianIcoFoam. Meshi (eneo lililokatwa vipande vidogo, seli) mm 10 kwa mm 1, seli 20 kwa 40. Ukuta wa juu, ndo brashi, fixedValue (0.5 0 0), yaani kasi umeipanga; wa chini noSlip, rangi imeganda hapo haitelezi; pembeni cyclic, kinachotoka upande huu kinaingia ule. Hatua ya muda sekunde 0.0001.

Hatua ya 4 ndo iliyonitoa jasho. OpenFOAM hapa inafanya kazi na mnato uliogawanywa kwa densiti, kwa hiyo k unayoandika (ile K yetu) ni 10/1300 = 0.00769, na mkazo inaokupa unauzidisha kwa 1300. Mi nilisahau kote kuwili, nikaandika 10, ikanirudishia 223.6, nikashangilia peke yangu saa nane usiku, kumbe makosa mawili yamefutana. Kilichoniumbua ni muda: rangi inatakiwa ichukue kama sekunde 0.003 kutulia kwenye mwendo usiobadilika, hatua thelathini hivi, yangu ilitulia kwenye hatua ya kwanza kabisa. Kwa hiyo angalia na mwanzo wa mwendo, usiangalie mwisho tu.

Na nuMax, kikomo cha juu cha mnato unachoiruhusu OpenFOAM, usiibane. Mnato wetu kwa kipimo chao ni 0.000344, ukiweka nuMax 0.0001 umerudi kwenye mnato mmoja usiobadilika, kama wa maji, bila kujua.

MASWALI

Mkuu, profaili yangu ya kasi (mchoro wa kasi toka chini mpaka juu) imetoka mstari mnyoofu kabisa, nikibadili n haibadiliki. Nimekosea wapi?
— Hujakosea. Bapa mbili bila presha ya kusukuma, mkazo ni uleule juu mpaka chini, basi na shia reti ni ileile. n utaiona kwenye mkazo. Ukitaka profaili ipinde ongeza presha au tumia silinda mbili, moja ndani ya nyingine.

Mi fundi wangu anatumia rola, niweke rotatingWallVelocity (ukuta unaozunguka) nimalize?
— Hapana kaka, hapo hesabu ya 0.5/0.001 haifai. Rola inaviringika, jifanye umekaa kwenye mhimili wake: ukuta na uso wa rola vinaenda upande mmoja kwa kasi moja. Kazi yote iko kwenye kubanwa na pale rangi inapochanika kutoka, ile sauti ya kunatanata unayoisikia. Hiyo inataka solva yenye uso huru, yaani inayofuatilia mpaka wa rangi na hewa, inataka na laptopu nzuri, na umeme usiokatika.

Rangi yangu haianzi kutembea kabisa mpaka uisukume kwa nguvu fulani, hii fomula inaijua?
— Haijui. Nenda HerschelBulkley, modeli ya OpenFOAM inayoongeza tau0, yaani mkazo wa kuanzia kutembea; tau0 nayo igawe kwa densiti. Ikianza kuyumba, ile njia ya mtafiti Papanastasiou ya 1987 inalainisha kona ya pale rangi inapoanza kutembea, ila utaiandika mwenyewe.

Na kwa nini fundi anasema koroga kwanza dakika tano?
— Kwa sababu rangi nyingi zina kumbukumbu, zinalainika kadiri unavyoendelea kukoroga. K na n hazijui saa. Pima baada ya kukoroga, kama fundi.