Kabla Hujaanza Shahada ya Uhandisi wa Programu: Mambo ya Kuzingatia

Karibu kila anayetaka kusoma uhandisi wa programu huniuliza swali lilelile: nianze na lugha gani ya programu, Python au Java? Swali si baya, ila si la kwanza. Lugha utajifunza, utaiacha na kushika nyingine; hadi unamaliza shahada utakuwa umepitia kadhaa. Kinachowasumbua wengi mwaka wa kwanza ni kwamba walidhani wanakuja kujifunza kuandika programu, kumbe wanakuja kujifunza kujenga na kutunza programu ambazo watu wengine watazitegemea. Hizo ni kazi mbili, na maandalizi yake hayafanani.

Jina la fani lenyewe linadokeza jambo hilo. Mwaka 1968 wataalamu walikutana Garmisch, Ujerumani, kwa udhamini wa NATO, kujadili tatizo lililokuwa linawaumiza vichwa: kompyuta zilikuwa zinaongezeka nguvu haraka, lakini programu zake zilichelewa, zilikula fedha kuliko zilizopangwa, na zilipofika zilikuwa na makosa. Neno uhandisi liliwekwa pale kwa makusudi, kuwakumbusha watu kwamba programu nayo inahitaji vipimo, michoro na mtu wa kuwajibika.

Kwa hiyo kabla hujajaza fomu, tafuta mtaala wa shahada unayoiomba na usome majina ya kozi, mwaka hadi mwaka. Sayansi ya kompyuta huzama zaidi kwenye nadharia. Teknolojia ya habari huegemea kuendesha na kutunza mifumo iliyopo. Uhandisi wa programu unapaswa kuwa na kozi za kukusanya mahitaji ya watumiaji, usanifu wa mifumo, majaribio na usimamizi wa mradi, juu ya misingi ileile ya miundo ya data, hifadhidata, mifumo endeshi na mitandao. Kama mtaala unajiita wa uhandisi lakini hauna kozi ya majaribio wala mradi wa kikundi, uliza kwa nini.

Hisabati inawatisha watu, na mara nyingi wanaogopa isiyo yenyewe. Utakutana na kalkulasi, ndiyo, lakini utakayoitumia kila siku ni mantiki, seti, na hesabu za kuhesabia uwezekano. Jipime hivi: mfumo unamruhusu mtu kuingia kama nywila yake ni sahihi na akaunti yake haijafungwa. Je, nani anazuiwa? Ukijibu "mwenye nywila isiyo sahihi na akaunti iliyofungwa" umekosea; anazuiwa yeyote mwenye nywila isiyo sahihi, au akaunti iliyofungwa, au vyote viwili. Neno moja, "na" badala ya "au", linatosha kumfungulia mlango asiyestahili. Rudia pia logi (logarithimu). Ukiwa na majina 1,000,000 yaliyopangwa kwa alfabeti, na kila hatua ukagawa orodha katikati na kuitupa nusu isiyohusika, jina lolote utalipata kwa hatua zisizozidi 20. Anayeelewa kwa nini ni 20 ameshaanza kozi ya algoriti, yaani hatua za kutatua tatizo.

Sasa nenda kwenye kibodi. Usikimbilie kozi ndefu za video. Andika programu moja ndogo mpaka iishe: inayopokea alama za mwanafunzi na kutoa wastani. Ingiza 70, 80 na 90. Inatoa 80, unafurahi. Halafu iendeshe tena bila kuingiza alama yoyote. Inaanguka, kwa sababu umegawa kwa sifuri. Ingiza neno "themanini" badala ya tarakimu, inaanguka tena. Kisha ingiza 70, 800 na 90, kama mtu aliyeteleza kidole. Safari hii haianguki. Inakupa wastani wa 320 bila kulalamika hata kidogo, na hili ndilo kosa baya kuliko yote matatu, kwa kuwa hakuna atakayelijua mpaka matokeo yameshatolewa.

Kaa hapo kidogo. Kwa orodha isiyo na alama, programu ifanye nini? Ukiamua itoe sifuri, mwanafunzi ambaye hakufanya mtihani ataonekana amefeli. Ukiamua ikae kimya, mwalimu atadhani imeharibika. Jibu haliko kwenye Python. Liko kwa mwalimu atakayeitumia, na lazima umwendee umuulize. Hiyo ndiyo kozi ya mahitaji, na umeianza na mistari kumi ya msimbo, yaani maandishi ya programu.

Makosa ya aina hii hayabaki darasani. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5, katika safari yake ya kwanza kabisa, iliharibika angani sekunde kama 40 tu baada ya kuondoka. Sehemu ya programu yake ilichukuliwa kutoka Ariane 4, ambako ilifanya kazi vizuri. Ilikuwa inabadilisha namba ya biti 64 (tarakimu za 0 na 1) kuwa ya biti 16, ambayo haiwezi kuzidi 32,767. Ariane 5 ilikuwa na mwendo mkubwa zaidi, namba ikazidi, na mfumo wa uongozaji ukazimika. Msimbo haukuwa umebadilika. Mazingira yake ndiyo yaliyobadilika. Ukisoma kisa hiki na ukajisikia kutaka kujua ni jaribio gani lingelikamata kosa lile ardhini, fani hii itakufaa.

Jizoeze kusoma ujumbe wa kosa hadi mwisho. Wanaoanza huona maandishi mekundu wakayafunga upesi, kana kwamba wamegombezwa, ilhali pale pameandikwa faili gani na mstari wa ngapi. Ujumbe huo, pamoja na nyaraka nyingi za lugha za programu, huwa kwa Kiingereza, hivyo zoea kusoma Kiingereza cha maelekezo taratibu, neno kwa neno.

Kuhusu zana za akili bandia zinazoandika msimbo, msimamo wangu ni huu: katika miezi ya mwanzo andika mwenyewe kwanza, hata kama ni kwa shida, ndipo uziombe zikukosoe. Mtu asiyeweza kuona kwamba wastani wa 320 hauwezekani hataona pia zana ikimpa jibu la namna hiyo.

Jifunze Git, zana ya kutunza matoleo ya msimbo, kabla ya mradi wa kwanza wa kikundi. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliianzisha mwaka 2005 ili watu wengi waweze kufanyia kazi msimbo mmoja bila kufutiana. Kikundi changu cha kwanza tulikuwa wanne, tukawa tunatumiana faili kwa barua pepe. Usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi tuliunganisha faili zetu, na kazi ya wiki nzima ya mwenzetu ikafunikwa na toleo la zamani. Alinyamaza tu, akaanza kuiandika upya. Amri tano za Git, unazoweza kuzijua kwa siku mbili, zingetuepusha.

Vifaa havihitaji maneno mengi. Kompyuta yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8 itakuvusha sehemu kubwa ya masomo ya mwanzo, GB 16 ni nafuu zaidi. Jifunze kuandika kwa vidole vyote, kupanga folda zako, kutumia dirisha la amri, na kuweka nakala rudufu ya kazi zako nje ya kompyuta hiyo.

Ukishamaliza programu ya wastani, ifunge na usiiguse kwa wiki tatu. Kisha ifungue, uisome kama vile imeandikwa na mtu usiyemjua. Kila jina la kigeu (jina ulilolipa thamani ndani ya programu) linalokufanya ujiulize "hiki kilikuwa nini?", libadilishe sasa hivi.