Somo: Kutengeneza podo la Kimagyar kwa gome la mti na ngozi

Wakuu, kabla hujashika msumeno elewa kitu kimoja, podo (mfuko wa mishale) la Wamagyar, mababu wa Wahungaria, wale walioingia bonde la Karpati, Hungaria ya leo, karne ya 9 siyo la kuvaa mgongoni kama kwenye muvi. Lilining'inia kiunoni upande wa kulia, na mishale ilikaa ncha juu manyoya chini. Ndo maana chini pana, juu jembamba. Mimi la kwanza nilitengeneza kama bomba, manyoya yakajikunja kama kuku aliyenyeshewa, sasa hivi tunawekea miavuli.

Kipimo: mshale wangu ni sm 75, podo nikalifanya urefu sm 80, upana wa kitako sm 18, wa mdomo sm 11.

Kiunzi ni kibao cha kitako, umbo la nusu mwezi ili mgongo bapa ulale pajani, kibao cha mdomo na fito mbili za kuviunga. Mti wowote mwepesi.

Sasa gome, hapa ndo kazi. Linatakiwa la bechi, ule mti wa Ulaya wenye gome jeupe linalobanduka kama karatasi, na linabanduka vizuri mwanzo wa kiangazi cha huko, Mei mpaka Julai. Chukua kwenye mti uliokwisha kukatwa jamani, uliosimama ukiuzungusha kisu ukazama sana unaua mti. Likikauka linakakamaa kwahiyo loweka maji ya moto mpaka lilegee ndo ulizungushie kiunzi, ukilikunja la baridi linapasuka tu. Shona kwa uzi wa kitani uliopakwa nta, na matundu ya msharasi yaende zigizaga, ukiyapanga mstari mmoja linachanika hapohapo kama risiti.

Juu yake ngozi: lowesha, paka gundi ya ngozi, vuta, shona kwa nyuma, anika kivulini.

Wamagyar wenyewe walitia na pau za chuma kwenye kingo, wengine vipande vya mfupa vilivyochongwa mdomoni. Ukichonga mfupa vaa barakoa, vumbi lake baya. Mwisho mikanda miwili, wa mdomoni mfupi na wa katikati mrefu, ili likae mshazari.

MASWALI

– Mkuu sisi wa Iringa hiyo bechi tunaitoa wapi?
Hamna. Tumia ngozi nene ya ng'ombe, ile ya soli kwa fundi viatu, ilowekwe ikaukie kwenye kiunzi. Umbo ndo muhimu.

– Ncha juu si zitakukata vidole?
Unashika uti, siyo kigumba. Mimi upande wa mbele wa mdomo nimekata chini kidogo mkono upite. Na faida yake unaona kabisa unachomoa kipi, kipana cha kuwindia au chembamba cha kutobolea.

– Likinyeshewa je?
Gome halinyonyi maji, ngozi ndo inanyonya, ipake nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta. Ila mishale itoe kwanza, manyoya yakilala na unyevu humo ndani utakuta yameoza.