Kulinda akaunti na waifai ya nyumbani, hatua kwa hatua

Wiki hii nimemsaidia jirani mwenye nyumba ya wageni hapa Mkomani, Lamu. Nenosiri la waifai yake lilikuwa jina la nyumba na mwaka, na kila aliyewahi kulala pale bado analo. Nyumba zetu zimebanana: mtu hukaa kwenye daka la nje akaupata mtandao bila kupiga hodi.

1. Nenosiri. Fungua kitabu popote, uokote maneno matano yasiyohusiana: pweza, ngazi, karani, mvuje, tarumbeta. Haya usiyachukue, tafuta yako. Methali na majina ya kanga yaache, yanajulikana. Kugeuza a kuwa @ hakusaidii. Urefu ndio nguvu.

2. Barua pepe. Anza nayo, kwa sababu akaunti nyingine zote hurejeshwa kupitia hapo. Washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani nenosiri pamoja na namba ya muda, kwa programu ya simu, si kwa SMS, maana laini huweza kuhamishwa na matapeli. Kila akaunti iwe na nenosiri lake. Mimi natumia Bitwarden, programu ya kutunzia manenosiri. Daftari lililofungiwa kabatini nalo linafaa.

3. Ruta. Hapa usiwe na haraka. Ruta, kile kifaa kinachosambaza waifai, ina maneno ya siri mawili: la waifai, na la kuingilia mipangilio. Wengi hubadili la kwanza, la pili likabaki "admin" kama lilivyotoka kiwandani. Unganisha kompyuta kwa waya, kisha fungua anwani iliyo kwenye kibandiko, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1.

Neno la kuingilia mipangilio likikataa, usikimbilie kile kitufe cha "reset" kilichojificha tunduni. Kinafuta kila kitu, pamoja na jina na nenosiri ambavyo ruta nyingi hutumia kujitambulisha kwa kampuni ya intaneti. Kwa jirani yangu kilikuwa kimeshabonyezwa kabla sijafika, na mchana wote ukaishia kwenye simu ya huduma kwa wateja. Waombe kwanza taarifa hizo, uziandike, ndipo ubonyeze.

Ukishaingia, badili yote mawili. Kwenye aina ya ulinzi wa waifai chagua WPA3, au WPA2 kama ruta ni ya zamani. Zima WPS, njia ya kuunganisha kifaa bila kuandika nenosiri: tangu 2011 inajulikana kwamba namba yake ya tarakimu 8 hukaguliwa vipande viwili, hivyo majaribio 11,000 yanatosha kuipata.

4. Wageni. Wafungulie mtandao wao peke yao, nenosiri lake ulibadili kila kundi likiondoka. Runinga na printa za nyumbani ziunganishe upya kwenye mtandao wako.