Giant's Causeway: tazama rangi ya jiwe kabla ya kukanyaga

Ukifika Giant's Causeway, ufuo wa nguzo za mawe huko Ireland ya Kaskazini, kanyaga mawe ya kijivu na ya hudhurungi, meusi yaache. Nguzo zile ni za basalti, yaani mwamba wa lava iliyopoa, nyingi zina pembe sita na juu ni bapa, kwa hiyo kutembea juu yake ni rahisi kuliko unavyodhani. Hatari iko kwenye ule mkanda mweusi karibu na maji. Weusi ule ni utando wa viumbe vinavyoota pale tu mawimbi yanapofika, na ukilowa huteleza kama sabuni. Kwa hiyo rangi inakuambia mambo mawili kwa pamoja: jiwe litateleza, na bahari hufika hapo hata kama sasa hivi imetulia.

Mbinu hii haifai mvua ikinyesha, maana hapo hata la kijivu linateleza. Tena angalia vishimo vya juu ya nguzo, vingine hutuama maji. Mawimbi yakiwa makubwa, usitegemee rangi kabisa. Kaa juu, mbali na ukingo, na usiyape mawimbi mgongo kwa ajili ya picha.

Kabla ya kushuka, waulize wahudumu wa kituo cha wageni maji yanajaa saa ngapi. Na mjue, kuyafikia mawe kwa miguu ni bure. Tiketi ni ya kituo na maegesho, ingawa maonyesho ya mle ndani kuhusu volkano ya miaka milioni 60 iliyopita yanafaa sana mkiwa na watoto.