Namna ya Kuwaandika Walezi na Watoto wa Kulea katika Shajara ya Ukoo

Ni nadra katika koo zetu kukuta nyumba ambayo watoto wote walizaliwa na wenye nyumba. Yumo wa kufikia aliyekuja na mama yake, yumo mjukuu aliyekulia kwa bibi, na yumo aliyechukuliwa na mama mkubwa baada ya msiba. Kanuni ninayoifuata ni kwamba mtu anaweza kuwa na wazazi zaidi ya jozi moja katika shajara, yaani mchoro wa nasaba, mradi kila kiungo kati ya mtoto na mzazi kionyeshe aina yake na ushahidi wake.

Hatua ya kwanza: uliza maswali yaliyogawanywa. Ukimuuliza mzee "baba yake nani?", mara nyingi atamtaja aliyemlea, kwa sababu ndivyo adabu inavyotaka. Uliza badala yake ni nani aliyemzaa, alilelewa kwa nani na tangu umri gani, nani alipokea posa au mahari yake, na anatumia ubini wa nani. Andika neno la udugu kama lilivyotamkwa kabla ya kulifasiri, maana "mama mkubwa" anaweza kuwa dada wa mama au mke mwenza wa mama, na hizo ni nasaba mbili tofauti.

Hatua ya pili: bainisha aina ya uhusiano. Usiandike "ameasiliwa", yaani amefanywa mtoto kisheria, kwa kila mtoto aliyelelewa. Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kuasili hukamilika kwa amri ya Mahakama Kuu. Pasipo amri hiyo, andika "alilelewa na". Katika familia za Kiislamu mtoto wa kulea hubaki na jina la baba aliyemzaa, kwa mujibu wa aya ya 5 ya Surat al-Ahzab, kwa hiyo ubini tofauti ndani ya nyumba moja si lazima uwe kosa la karani. Ndugu wa kunyonya nao waandikwe, pamoja na mama aliyewanyonyesha, kwa kuwa sheria ya Kiislamu inawakataza kuoana.

Mfano unaohitaji umakini zaidi ni nyumba ntobhu ya Wakurya wa Mara, ambapo mwanamke, mara nyingi asiye na mtoto wa kiume, humtolea mahari ya ng'ombe mwanamke mwenzake ili watoto atakaowazaa wawe wa nyumba yake. Hapo kuna mama mzazi, kuna mwanamke aliyeoa, na kuna mwanamume aliyezaa ambaye pengine hatajwi kabisa. Mimi huandika viungo vyote vitatu, na pale ambapo baba mzazi hajulikani huacha nafasi yake wazi badala ya kumwingiza marehemu mume wa mwenye nyumba kana kwamba ndiye aliyezaa.

Hatua ya tatu: ingiza katika programu. Katika Gramps, programu ya kompyuta ya kutunza nasaba, fungua rekodi ya familia, chagua mtoto, kisha weka uhusiano wake na baba na uhusiano wake na mama kila mmoja peke yake; mtoto wa kufikia atakuwa wa kuzaliwa kwa mama na wa kambo kwa baba. Familia ya pili ya walezi iongezwe bila kufuta ya kwanza. Ukihamisha kazi kwa faili la GEDCOM toleo la 5.5.1, muundo wa kubadilishana nasaba kati ya programu, kumbuka kwamba alama ya PEDI, inayotaja aina ya uhusiano wa mtoto na wazazi, inakubali thamani nne tu, yaani kuzaliwa, kuasiliwa, kulelewa, na ya nne inayohusu ibada ya Wamormoni. Wa kambo hayumo, kwa hiyo uhusiano huo uandike pia katika maelezo.

Hatua ya nne: ambatanisha ushahidi kwa kila kiungo. Daftari la ubatizo, cheti cha kuzaliwa, amri ya mahakama, au jina la msimulizi na tarehe ya mahojiano, vyote vinafaa, ila kila kimoja kithibitishe kiungo chake tu. Cheti kinachomtaja baba hakithibitishi nani alilipa ada ya shule.

Hatua ya tano: linda walio hai. Kuna watu wazima ambao hawajaambiwa kwamba walilelewa, na si kazi ya mtafiti kuwapasulia siri hiyo kwa mchoro. Kiungo cha namna hiyo kifungwe kwa alama ya kufuli ndani ya Gramps, na kabla ya kumtumia ndugu yeyote nakala, chagua kuondoa rekodi za faragha katika faili linalotoka.