Dada unayeomba green card (kibali cha kuishi Marekani kudumu), jua hivi kuhusu chanjo

Ukiomba ukiwa ndani ya Marekani utapimwa na daktari aliyeidhinishwa na serikali, yeye ndo anajaza fomu I-693, ya uchunguzi wa afya na chanjo. Kabla hujaenda kusanya kadi zako zote za chanjo hata za utotoni, kama si za Kiingereza zitafsiriwe, maana ukikosa ushahidi unachomwa upya kwa hela yako. Kadi imepotea? Uliza kipimo cha damu cha kuonyesha kama tayari una kinga.

Wajawazito hapa msikilize vizuri: sema mapema una mimba hata kama unahisi tu, chanjo za surua na tetekuwanga zina virusi hai hazitolewi kwa mjamzito, daktari anaandika kwa sasa haifai kiafya na maombi yanaendelea bila kulipia msamaha wowote wa chanjo.

Chanjo ya HPV (kirusi kinachoambukizwa kwa ngono) siyo lazima. 2008 serikali ya Marekani iliwalazimisha wahamiaji wa kike wa miaka 11 hadi 26, wanaume hapana (iliniuma sana hii), watetezi wakapiga kelele na sharti likaondolewa Desemba 2009. Chanjo yenyewe ni nzuri, inakinga saratani ya shingo ya kizazi, ila uamuzi ni wako. Ukiambiwa lazima, mwambie daktari akuonyeshe kwenye fomu.